Mkeka Wenye Doa la Wino

Hapo zamani, katika mji wa Kimbweta, palikuwa na Sultani aitwaye Mwinyikombo, naye alipenda sana elimu, au tuseme alipenda sana siku zile chache za mwaka ambazo chuo hufungua mlango na wazazi hufungua vibindo. Basi mwaka mmoja akapiga mbiu kwamba hakuna mtoto atakayepita lango la chuo bila fagio mbili, jembe jipya, ndoo, mkeka, kibao cha kuandikia na kidau cha wino, vyote vikiwa na lakiri nyekundu ya duka la shemeji yake, Shebwana. Kana kwamba herufi zinamkataa mtoto mwenye ufagio wa bei nafuu! Na mtoto atakayebaki nje hadi Ijumaa adhuhuri, ikaendelea mbiu, ataandikwa kuponda kokoto za barabara ya Sultani.

Palikuwa na mama mmoja kijana, Sikudhani, mjane, hana kitu, na watu wakimwona punguani kwa sababu alikuwa akiuliza maswali ambayo wenye akili waliyameza. Alikuwa na binti mmoja, Mwanamkasi, wa miaka saba, mwenye viganja laini kama maandazi, na tangu mbiu ile Sikudhani alikuwa kila akivitazama viganja vile anaona nyundo, anaona kokoto, anaona damu, na chakula hakimshuki.

Siku ya Jumatatu akaenda kwa Shebwana kuomba akopeshwe.

"Nikukopeshe wewe?" akasema Shebwana. "Utanilipa nini, maswali?"

Sikudhani akainamisha uso kwa aibu, na hapo akauona mkeka umeegemezwa chini ya ukuta, mpya kabisa kwa bei, wenye doa la wino mfano wa sikio la mbuzi. Akaufahamu. Ulikuwa mkeka wa jirani yake Bi Mize, aliyeuza kitanda chake kuununua, na mtoto wa Bi Mize alikuwa ameumwagia wino jana yake kabla haujapelekwa langoni. Basi mkeka uliingia chuoni asubuhi, na sasa uko dukani unamngoja mzazi mwingine!

Mwingine angepiga kelele, akafungwa. Sikudhani akameza mate, akasema, "Bwana wangu, basi nipe kazi ya uchukuzi."

Shebwana akafurahi, maana mchukuzi wake alikuwa ameanza kuzungumza ovyo, na punguani nani atamsikiliza? Akamwambia, "Kila siku tangu adhuhuri, watu wakijinyoosha, nenda mlango wa nyuma wa chuo. Utapewa mizigo. Ifikishe hapa dukani kabla ya swala ya Ijumaa, na usiniulize kitu."

"Siulizi, bwana," akajibu Sikudhani, na kweli hakuuliza, hata njia ya kupita hakuuliza.

Ikawa Jumanne akatoka mlango wa nyuma na mzigo kichwani, akazunguka ukuta wa chuo, na kwenye kona akamkuta Bi Mize, aliyemkusanyia akina mama wasio na kitu, kila mmoja na mwanawe. Akamtwika wa kwanza. Yule akaenda langoni, na karani wa lango, ambaye hakuwa akitazama nyuso bali lakiri, akaona nyekundu, akaandika jina, akatia sahihi, mtoto akaingia, vitu vikatupwa ghalani. Punde ghala likavitoa tena mlango wa nyuma, na Sikudhani alikuwa pale anangoja. Akazunguka. Akamtwika wa pili, akazunguka, akamtwika wa tatu. Ikawa hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, watoto wakaingia mpaka mwalimu akakosa pa kuweka miguu, na Mwanamkasi akaingia wa mwisho, kwa mkeka uleule wenye doa. Mamaye akaegemea ukuta, akalia kwa kwikwi, kisha akajifuta, maana kazi ilikuwa haijaisha.

Ijumaa, kabla ya adhana, akaufikisha mzigo dukani. Shebwana alikuwa amekaa siku tatu bila mteja, rafu tupu, uso umemwiva. Akamkamata mkono, akamburuta hadi barazani kwa Sultani, mbele ya mji mzima.

"Ewe mwanamke!" akanguruma Sultani. "Umeniibia mali yangu!"

"Mali yako, bwana wangu?" akasema Sikudhani. "Nami nilidhani ni mali ya watoto."

Watu wakakohoa. Sultani akatwaa daftari la lango. "Humu mna watoto mia tatu! Basi kesho uniletee majembe mia tatu, mikeka mia tatu na fagio mia sita, la sivyo binti yako atakwenda kwenye kokoto!"

Maneno yakamtoka Sikudhani mbio. "Bwana wangu, nitaleta vipi kilicholetwa? Daftari lako linasema vyote vimeingia ghalani, na sahihi ya karani wako ipo kila mstari. Tukafungue ghala tuhesabu. Visipokuwamo, ama daftari lako ni la uongo, ama ghala lako lina mdomo upande wa nyuma, na mimi ni mchukuzi tu, naweza kuwaonyesha watu wote ulipo."

Bi Mize akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani kitanda changu nacho kipo humo ghalani?" na baraza zima likaangua kicheko, na Sultani, akiona kila jino limeelekea kwake, naye akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekalia mwiba. Akasema kumbe Shebwana alimdanganya! Akaamuru watoto wabaki, mzigo urudishwe chuoni, mbiu ifutwe. Hakuna aliyemsadiki, hata farasi wake.

"Na ujira wangu wa siku tatu?" akauliza punguani.

Sultani akaulipa papo hapo, mkono mzito kama anatoa meno. Mlango wa nyuma ukazibwa kwa mawe, na mawe yale yalibebwa na Shebwana. Mwanamkasi akakaa juu ya doa la wino, akajifunza kuandika jina lake.

Hekaya yangu imefika langoni; mwenye mtoto na aingie naye mikono mitupu.