Mgonjwa wa Ijumaa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alikuwako kinyozi fukara aitwaye Shekuwe, ambaye mali yake yote ilikuwa wembe mmoja na mdomo usiotulia. Basi jirani yake, Mwana Kitau, msuka mikeka, akajifungua mtoto huntha, ambaye umbile lake halikuwa la kike wala la kiume waziwazi. Mtoto akanyonya, akalala, akamlowesha mama yake mapajani, kama watoto wote.

Lakini Tabibu Hizamu alipomtazama, alikimbilia kwa Sultani akihema. "Maulana, mtoto yule ni mgonjwa. Kitabu changu kina milango miwili tu, wa kiume na wa kike, naye hapiti popote. Akatwe apate kupita."

Sultani, mtu wa kuamua kabla hajameza mate, akamwita Shekuwe, kwani zama hizo matabibu waliamuru tu, wakataji walikuwa vinyozi. Akasema, "Ijumaa baada ya swala uniletee mgonjwa barazani, umkate penye ugonjwa. Ukikaidi, itakatwa shingo yako."

Shekuwe akainama. "Nimlete mgonjwa, nimkate penye ugonjwa. Sijaongeza neno, maulana?"

"Hujaongeza."

Mwana Kitau aliposikia, akamkumbatia mwanawe akalia kwa uchungu. "Kaka Shekuwe, mwanangu akifa kwa wembe wako nitakutazamaje?"

"Mnyonyeshe, dada. Mimi naenda kumtafuta mgonjwa."

Akaenda moja kwa moja hadi kwa tabibu, akamkuta mke wa tabibu mlangoni, hoi. "Mume wangu tangu amwone yule mtoto halali, hali, anasema peke yake na jasho linamtoka," akasema yule mke.

"Alhamdulillahi, nimempata," akasema Shekuwe.

Ijumaa ilipofika, watu wanne wakaingia barazani na kitanda mabegani, kama ilivyo desturi ya kumbeba mgonjwa, na chini ya shuka kitu kinafurukuta. Sultani akauliza, "Mtoto gani mzito hivi?" Shekuwe akafunua. Kumbe ni Tabibu Hizamu, kafungwa kamba, kilemba kimemwangukia puani.

"Mgonjwa huyu hapa, maulana. Mtoto analala fofofo, huyu hajafumba jicho siku nne. Mtoto ananyonya, huyu hata uji haumpiti kooni. Na yote yalimwanza alipotazama, kwa hiyo ugonjwa uko machoni." Akaunoa wembe kiganjani, taratibu. "Bwana tabibu, nianze na lipi, la kulia au la kushoto?"

"Usinikate! Mimi siumwi popote!"

"Kwani asiyeumwa hakatwi?"

"Hakatwi kabisa!"

"Na mtoto wa Mwana Kitau anaumwa wapi?"

Tabibu akajikunyata arudi chini ya shuka. Sultani akaangua kicheko hata akashika mbavu. Alipotulia akauliza, "Na mtoto akikua, akataka mwenyewe kukatwa?"

"Akija kwa miguu yake, akaniambia kwa kinywa chake, nitamsikiliza. Wembe haukimbii."

Ikawa Sultani akamvika Shekuwe joho, akaamuru mtoto asiguswe, na tabibu aende kuomba radhi. Tabibu akaenda, akaketi mkekani kwa Mwana Kitau, akakohoa, akauliza kwa sauti ndogo, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo," akajibu mama. "Wewe je, umelala?"