Kanga Kwenye Baraza la Viboko

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado wanajua kukoka moto (wewe Tunu, ukitaka kusinzia sinzia, lakini usiniegemee!), palikuwa na kijiji chenye ghala moja la mtama. Kila mnyama alipeleka mavuno yake humo, yaje kuliwa kiangazi.

Baraza la ghala lilikuwa la viboko watupu: Mzee Kiboko, kaka zake na shemeji zake. Hakuna mwingine aliyeingia. Wakitoka, Mzee Kiboko alifungua lile domo lake.

"Ghala limejaa pomoni!"

Nduguze wakaitikia, "Pomoni!"

Basi, yameisha. Nani aulize?

Lakini Bi Pimbi, mdogo yule, hakuwa na raha. Mto ulikuwa unakauka. "Kama mtama upo, nibaki," aliwaza. "Kama haupo, niwapandishe wanangu mlimani sasa, wangali na nguvu za kutembea. Nikikosea, nitawazika." Na viboko, jamani, walizidi kunenepa!

Akamwendea Mzee Kiboko.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nimetoka kijiji cha ng'ambo, baba, wananicheka! Eti baraza letu halina urembo. Vipara vitupu, wote rangi ya tope!"

"Ati nini?" Kiboko akafura. "Sisi?"

"Ninyi! Mtieni Kanga humo. Hamumwoni na madoa yake? Utadhani kavaa nguo ya harusi! Akae tu, apendeze. Ataharibu nini, na kichwa kile kidogo kama zambarau?"

Shemeji mmoja akanong'ona, "Kanga ana kelele, Mzee."

"Akipewa kiti atanyamaza," akasema Kiboko. "Wote hunyamaza."

Siku ya kumkaribisha Kanga, Bi Pimbi akawaita wanyama wote waje na ngoma. Walifurika uani, vigelegele lililili! Viboko wakavimba kwa fahari, wakauacha mlango wa ghala wazi ili waonekane vizuri.

Ndani, mtama ulikuwa umerundikwa hadi darini. Mzee Kiboko akautazama kwa juu. "Limejaa?"

"Pomoni!" wakaitikia nduguze.

Kanga akaruka juu ya rundo. Nanyi mnamjua kanga, hajui kutulia. Akisimama mahali, lazima achakure. Paru! Paru! Paru! Mtama ukaruka huku na huku, na chini yake kukatokea mchanga.

"Mama weee! Mchanga! Mchanga! Mchanga!"

"Shhh!" Kiboko akamkemea. "Mambo ya kikao hayatoki nje!"

"Hayo ni ya kwenu! Kwetu ukiona punje moja unaita wenzako, sembuse mchanga ghala zima! Njooni mwone!"

Wanyama wakamiminika ndani. Bi Pimbi akamrukia Kiboko mgongoni, akamwinamia sikioni.

"Mzee wangu, mtama wetu uko wapi?"

Kiboko akawatazama nduguze, wamwitikie. Badala yake yule shemeji akaropoka, "Uko kwake, nyuma ya matete!"

"Na wako je?" Kiboko akanguruma. "Si umeulalia kama godoro?"

Lo! Wakaanza kutajana, huyu amtaja yule, yule amtaja kaka yake, mpaka wanyama wakashika mbavu kwa kicheko. Viboko wakaubeba mtama wote migongoni kuurudisha, jasho tiriri, na Kanga nyuma yao akitangaza kila gunia lililoingia.

Ulikuwa umepungua, sikufichi. Lakini sasa kila mmoja alijua umebaki kiasi gani, wakala kwa kujipimia. Mvua ilipoanza, watoto wa Bi Pimbi walitoka wote wakaicheza, hakukosekana hata mmoja. Kanga akabaki barazani, akaongezewa Kobe na Nguchiro, na viboko wakapewa kiti kimoja cha kugombania.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nanyi ondokeni na hili: wanaofanana husitiriana, mkalishe kati yao asiyefanana nao, na ukweli utatoka nje.