Mchanga Uliorudishwa Sandukuni

Wapendwa, mzee mmoja wa huku kwetu milimani alipata mwaliko wa kwenda Norwei. Simtaji jina, kwa hiyo msianze kutazamana. Alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo haukupotea hata msumari mmoja. Kuutoa mfuko wa mbolea mkononi mwake ilikuwa kazi, wakulima walimlalamikia sana. Lakini mwizi hakuwa, na hilo hata waliomchukia walilikubali.

Aliyemwalika ni mama mmoja, mkunga mstaafu, aliyefundisha wakunga kwenye hospitali ya misheni huku kwetu kwa miaka mingi, kisha akarudi kwao na Kiswahili chake kizima. Alikuwa na miaka themanini na miwili, mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya mbao kwenye mteremko, mji wa Trondheim. Siku ya kwanza tu, wakinywa kahawa, alimweleza mgeni wake jambo moja.

"Mzee, mimi naogopa kitu kimoja, kuanguka. Nikivunjika nyonga watanipeleka nyumba ya wazee, na humu sitarudi tena. Nyumba hii mume wangu aliijenga kwa mikono yake. Nataka nifie humu."

"Hutaanguka, Mama. Si mimi nipo?" mzee akajibu, na alisema kwa moyo wake wote.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Aprili. Mzee alikuwa amejigamba tangu uwanja wa ndege kwamba baridi anaijua, yeye ni mtu wa Makete, Juni huamka akakuta sakitu, umande ulioganda, kwenye viazi. Lakini hali ya hewa aliyoikuta kule haikuwa na msimamo. Asubuhi jua, anavua koti; kabla hajalitundika, theluji. Saa saba mvua, saa tisa jua tena, jioni upepo wa kuondoka na masikio. Akauliza, "Mama, hapa mtu anavaa nini?" Mama akacheka. "Anavaa vyote, Mzee, halafu anavua kimoja kimoja."

Siku ya nne jua lilitoka likakaa. Theluji ya kando ya njia ikayeyuka, maji yakatiririka hadi mtaroni, watu wakakaa nje vibarazani na nyuso zao juani. Baada ya chakula cha mchana mama akaenda kujilaza, na mzee akatoka kunyoosha miguu. Hapo ndipo jicho la mtunza stoo lilipoanza kazi. Kuanzia mlangoni kwa mama hadi kona ya barabara, njia nzima ilikuwa imetapakaa mchanga wenye changarawe. Na pale kona palikuwa na sanduku kubwa la kijani lenye mfuniko, halina kufuli. Akafunua. Ndani kulikuwa na mchanga uleule, umebaki nusu, na koleo dogo limelala juu yake.

Mnaona alichokiona? Aliona mali ya watu imechezewa na wahuni. Aliona njia ya mama anayeogopa kuanguka imejaa vijiwe. Akarudi, akachukua ufagio wa nje, akavua koti. Alifagia saa mbili nzima, akazoa kwa lile koleo, akarudisha sandukuni hadi chembe ya mwisho, akafunika vizuri. Hakuna aliyemtuma. Jasho lilimtoka katika nchi ya barafu, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Hata mama hakumwambia, maana alitaka aione njia mwenyewe asubuhi, safi.

Je, yuko mtu humu ndani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu. Ningempa mkono.

Jioni ikanyesha mvua nyepesi, na kabla ya mapambazuko baridi ikarudi. Maji yote yaliyokuwa juu ya ile njia safi yakaganda yakawa kioo. Asubuhi mama akachukua fimbo yake, akasema anakwenda kununua mkate, dakika kumi tu, njia anaijua. Mzee alikuwa bado chumbani akitafuta jozi ya pili ya soksi, kwa maana siku hizo mtu wa Makete alikuwa anavaa jozi mbili. Akasikia kishindo.

Alimkuta chini, hatua tatu kutoka mlangoni, mguu umegeuka upande. Yeye mwenyewe alianguka mara mbili kabla ya kumfikia. Jirani, mwanamke wa makamo, akatoka na blanketi, akamfunika mama, akapiga simu. Kisha akaenda hadi kona akishikilia uzio, akafunua sanduku, akaanza kumwaga mchanga njiani kwa koleo ili watu wa gari la wagonjwa wapate pa kukanyaga. Alipowafikia aliuliza jambo kwa lugha yao, kwa ukali. Mama akatafsiri palepale alipolala.

"Mzee, anauliza nani amefagia."

"Ni mimi, Mama. Niliona mchanga umemwagika, nikaurudisha mahali pake."

Mama akafumba macho. "Mahali pake ni njiani. Jirani yangu huyu aliumwaga mwezi wa kumi na moja, na kila maji yakiganda anaongeza. Miezi mitano ya barafu nimepita juu yake, sijaanguka."

"Na lile sanduku ni la nani?"

"La yeyote anayepita, Mzee."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Baada ya wiki tatu mama alipelekwa nyumba ya wazee, na ile nyumba ya mbao ikafungwa.

Sasa tusikae hapa tukimsikitikia mzee. Hakuiba, na mvivu hakuwa. Aliona kitu kilichotolewa kwa ajili ya miguu ya watu, akadhani kinapotea, akakirudisha kikae salama. Na mchanga ulikuwa salama kweli. Aliyevunjika ni mama.

Sisi je? Juni ya mwaka jana tuliletewa blanketi arobaini. Mnakumbuka, tulipiga nazo picha pale nje. Tukasema zisigawiwe ovyo, zitunzwe kwanza hadi kamati ikae. Kamati haijakaa. Blanketi zipo, nimezitazama jana, hata panya hajazigusa. Na bibi yetu wa kitongoji cha juu, yule wa benchi la nyuma aliyekuwa akikohoa tangu sakitu ianze, geukeni mtazame. Hayupo. Nimeambiwa leo ameshindwa kuinuka kitandani.

Msimtafute mtunza stoo, wapendwa. Ufunguo wa stoo ya usharika ninao mimi. Umekuwa mfukoni mwangu mwaka mzima, huu hapa. Leo sitatoa baraka nikiwa hapa mbele. Simameni, tutoke kwa mlango wa pembeni, tupitie stoo. Baraka nitaitoa mlangoni kwa bibi.