Kufuli la Banda la Kusagia

Sikilizeni habari ya mama mmoja aliyekuwa na mashine ya kusaga. Mmewahi kukaa kwenye banda la mashine? Unatoka na nyusi nyeupe kama umezeeka ghafla. Sasa kufuli la banda lake lilipoanza kuwa gumu, mama alilitia mafuta ya kupikia, matone mawili. Likalainika. Kesho yake likawa gumu tena, akaongeza. Ikawa ndiyo kazi yake ya kila asubuhi, kabla hata ya chai.

Siku moja kulikuwa na msiba kwa jirani, na watu wakaja mapema na mahindi yao. Ufunguo ukaingia nusu, ukagoma. Aliyefunga banda jana yake alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe. Mama akamgeukia mbele ya foleni nzima.

"Umeniharibia kufuli. Kila unachogusa kinakufa. Funga mizigo yako urudi kwenu."

"Mama, nilifunga tu kama siku zote."

"Usinijibu."

Binti akaenda ndani kukunja nguo zake. Niambieni, nani kati yetu angemtetea? Foleni ilikuwa inataka unga.

Fundi wa kufuli akaitwa. Akalisafisha kwa mafuta ya taa, akalichokonoa kwa waya, likatoka donge jeupe.

"Nani anatia mafuta humu?"

"Mimi, kila siku."

"Basi mama, umekuwa ukisonga ugali humu ndani. Mafuta yanashika vumbi la unga."

Foleni ikacheka, hata mimi ningecheka. Fundi akatoa penseli, akaikwangua ile nyeusi ya ndani kwa wembe, akapuliza ungaunga wake kwenye tundu la ufunguo. Kufuli likafunguka kwa vidole viwili. Wataalamu wanasema ile nyeusi imepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja peke yake, nyembamba ajabu, huitwa grafini. Tabaka hizo huteleza moja juu ya nyingine zikiwa kavu, na vumbi halipati mafuta ya kung'ang'ania.

Mama akaingia ndani kwa mkwe wake. "Malaika wangu, ua la nyumba hii, nitakununulia kitenge." Binti akaendelea kukunja nguo. Mama akasema neno lingine, kavu.

"Nilikusingizia mbele za watu. Nimekosea."

Binti akaiweka chini nguo aliyoishika. "Nimesikia, mama. Twende, watu wa msiba wanangoja."

Ndugu zangu, sisi ni hodari wa mafuta. Tukimkosea mtu tunampelekea soda, tunawasifia watoto wake, tunamwita mpendwa hapa kanisani, na kosa liko palepale linaganda. Kwa nini? Kwa sababu "nimekosea" ni neno kavu, halina utamu mdomoni. Lakini ndilo linalofungua.

Na mimi ninayehubiri je? Mama kiongozi wa kwaya, tangu Jumatano nakuita mpendwa kila tukikutana, na wewe unaitikia kwa adabu tu. Nilikukaripia bure mbele ya waimbaji wako. Nimekosea.

Haya, mimi nimesema langu, na moyo wangu umefurahi. Uliyemkosea wewe amekaa benchi gani?