Kiapo Alichokikataa Bibi Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja mdogo wa pwani ya Yemen aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bibi Lubaba binti Ghalib. Hakuruzukiwa ila mtoto mmoja, Nuumani, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi na kicheko cha haraka. Asubuhi moja, baada ya swala ya Alfajiri, ukungu ungali umetanda mtaani, Bibi Lubaba alisikia sauti ya mwanawe ikiita mara moja tu. Alipofungua mlango aliona mgongo wa mtu aliyejitanda shuka kuanzia kichwani, akienda zake upande wa watengeneza ngozi. Nuumani alikutwa kwenye kona ya ukuta, amechomwa kisu chini ya mbavu, na roho imeshatoka.

Aliyekutwa naye ni Rabah, mtengeneza ngozi, mtumwa wa zamani aliyeachwa huru na bwana wake, mgeni asiye na jamaa hata mmoja pale mjini. Alikuwa amepiga magoti, amempakata marehemu, na damu imemjaa nguoni. Akasema, "Wallahi nimemkuta hivi hivi." Lakini siku chache kabla alikuwa amezozana na Nuumani mbele za watu kwa sababu ya harufu ya ngozi alizozianika, basi nani angemsadiki? Bibi Lubaba alipoulizwa ameona nini, alisema alichokiona: mgongo, shuka, na njia aliyoishika mtu yule. Yaliyobaki watu waliyakamilisha wenyewe, na yeye akayaamini kama walivyoyaamini.

Siku hizo hukumu za damu hazikukatwa pwani. Zilikatwa San'aa, mji mkuu, mbele ya kadhi mkuu, na kwa ada ya mahakama ile walii wa damu, yaani jamaa wa karibu wa aliyeuawa, ndiye aliyetakiwa kusimama na kuapa. Kwa hiyo mama akafunga safari ya nchi kavu, mwendo wa siku kumi na mbili, pamoja na msafara wa wachuuzi wa chumvi. Maharimu wake, mwanamume wa ukoo anayejuzu kusafiri naye, alikuwa Jubeir, mtoto wa kaka yake, ambaye alimlea mwenyewe baada ya wazazi wake kufariki, na ambaye sasa ndiye jamaa pekee aliyembakia. Rabah naye alikuwamo katika msafara huohuo, mikono imetiwa minyororo, na kamba ya kiunoni imefungwa kwenye tandiko la ngamia wa askari.

Siku za mwanzo walikata uwanda wa mchanga. Jua lilikuwa kali mno, na visima viwili walivyovitegemea walivikuta vimekauka. Askari alikuwa akimpa mfungwa funda moja la maji asubuhi na moja jioni, hazidishi. Siku ya nne adhuhuri Rabah alianguka. Punda wa Bibi Lubaba alikuwa karibu naye, na kiriba chake kilikuwa bado kina maji. Mfungwa akainua uso, midomo imepasuka, akasema, "Mama, nisaidie kwa tone moja."

Bibi Lubaba akafungua kiriba. Akamtazama machoni, kisha akayamimina maji mchangani, taratibu, mpaka yule mtu akayaona yote yakinywewa na ardhi.

Waliosimulia kisa hiki hawakulificha jambo hilo, nasi hatulifichi. Waja wema ni wanadamu. Uchungu wa mwana ulikuwa umemfumba macho, akafanya ambalo kabla ya msiba ule asingemfanyia hata mbwa. Rabah hakumlaani. Alilala pale chini akihema, kisha akasema kwa sauti ambayo haikutoka vizuri, "Mola akupe subira, mama." Mchuuzi mmoja wa chumvi akamnywesha, na msafara ukaendelea.

Siku ya nane walianza kupanda milima. Hewa ikageuka, upepo wa baridi ukavuma na mawingu yakashuka hadi njiani. Jubeir, aliyekuwa akimwongoza punda wa shangazi yake, alisimama akatoa shuka mzigoni. Akajitanda kuanzia kichwani, akatupa ncha ya kulia juu ya bega la kushoto, akashika tena hatamu na kutangulia mbele katika ukungu.

Bega la kushoto la Jubeir lilikuwa limeinama kidogo. Alianguka mtendeni alipokuwa mdogo, na ni Bibi Lubaba aliyelikanda bega hilo kwa mafuta kwa miezi mingi.

Akautazama mgongo ule, akauona ni ule ule wa asubuhi ya msiba.

Huenda mtu akauliza, iweje asimtambue asubuhi ile? Jubeir alikuwa ameaga tangu jana yake kwamba anakwenda shambani, mbali na mji. Jicho lilijua, ndugu zangu, lakini moyo ulikataa kusomewa. Hata sasa ulikataa. Bibi Lubaba aliomba kinga ya Mwenyezi Mungu na dhana mbaya. Alijiambia kwamba mashuka ni mengi, na mabega yaliyoinama ni mengi. Siku mbili hakula ila tende moja moja, na Jubeir alipomuuliza kama anaumwa, alimjibu, "Ni baridi tu, mwanangu."

Siku ya kumi, msafara ulipopumzika kwenye birika la maji ya mvua, watu wakitawadha kwa ajili ya swala ya Adhuhuri, alimwita kando.

"Jubeir, asubuhi aliyouawa Nuumani ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa shambani, Shangazi? Unajua."

"Nani alikuwa na wewe huko?"

Jubeir akageuza uso. Akayaangalia maji ya birika.

"Alinicheka," akasema. "Nilipokwenda kuposa nikakataliwa, alinigeuza mchezo barazani. Akaliiga bega langu, akatembea kama mimi, na watu wote wakacheka. Nilirudi nimtishe, Shangazi. Nimtishe tu. Akanicheka tena."

Bibi Lubaba akakaa chini juu ya jiwe. Jubeir akapiga magoti mbele yake, akanong'ona haraka haraka:

"Nuumani hatarudi. Na huyu Rabah ni nani? Hana mama, hana mke, hakuna atakayemlilia. Ukiapa, mambo yamekwisha, tunarudi nyumbani. Usipoapa unabaki na nani? Nani atakuzika, Shangazi?"

"Huyo asiye na mtu," akajibu mama, "Mola wake ananitazama sasa hivi. Nikifika mbele ya kadhi nitasema kweli. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuvizia."

Kisha akainuka, akakijaza kiriba chake, akaenda alipofungwa Rabah. Akakiweka mapajani mwake, akasema, "Nimekudhulumu. Nisamehe." Rabah akamtazama asielewe. Akanywa, kisha akasema amesamehe, na hakuuliza sababu.

Siku ile ile baada ya Alasiri njia ilipita ukingoni mwa genge, nyembamba kiasi kwamba wanyama walipita mmoja mmoja. Chini kulikuwa na korongo lisiloonekana mwisho. Jubeir alishika hatamu za punda. Katikati ya njia akasimama. Akatazama chini, akamtazama shangazi yake. Waliotangulia walikuwa wameshapinda kona, na walio nyuma walikuwa bado katika ukungu.

Bibi Lubaba aliyaona macho yale akayafahamu. Hakupiga kelele. Akaleta shahada kwa sauti ya chini, akafunga macho.

Alisubiri. Kisha akahisi punda akisogea tena.

Hakuna ajuaye kilichopita moyoni mwa Jubeir pale, ila Mjuzi wa siri. Siku mbili zilizobaki hawakusemezana. Angeweza kutoroka, wala hakutoroka. Labda alitumaini kwamba damu ya udugu itamlegeza yule mama saa ya mwisho.

Mahakamani San'aa kadhi mkuu alimwamuru Rabah asimamishwe mbele, kisha akamwambia Bibi Lubaba, "Ewe mja wa Mwenyezi Mungu, walii wa damu na aape kwamba huyu ndiye muuaji. Ukiapa, nitahukumu."

Bibi Lubaba akautazama mkono wake aliokuwa ameunyoosha kwa kiapo, akaurudisha ndani ya mtandio.

"Siapi," akasema. "Mtu huyu siye."

Watu wakanung'unika. Kadhi akawanyamazisha. "Umesafiri siku kumi na mbili kuja kusema siye? Basi ni nani?"

"Mimi niliona mgongo, ewe kadhi. Lakini nimesikia kinywani mwa aliyetenda, na yumo humu ndani. Naomba asemeshwe na hofu ya Mola wake kabla sijamtaja mimi."

Wanasema kadhi alizitazama safu moja moja, hata karani akaweka kalamu chini. Bibi Lubaba hakugeuka nyuma. Kisha mtu mmoja akasimama mwisho wa safu, na Bibi Lubaba akaisikia sauti aliyoifundisha kusema: "Ni mimi. Mfungueni huyo."

Jubeir alikiri yote. Rabah akavuliwa minyororo. Kadhi akainamisha kichwa, kwani alikuwa amekwishajua udugu wao, kisha akamwambia mama, "Haki ni yako peke yako. Ukitaka kisasi, ukitaka dia, malipo ya damu, ukitaka msamaha."

"Nipe mpaka Alasiri," akasema.

Akakaa uani mwa msikiti, peke yake, mgongo ukutani. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Ilipoadhiniwa Alasiri akaswali, akarudi. Uso wake ulikuwa umezeeka, wanasema, kama wa mtu aliyetoka kuzika tena.

"Dia siitaki. Damu nimeisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Jubeir akajitupa miguuni pake. Yeye akavuta miguu yake nyuma.

"Nimesamehe," akasema, "lakini usiniguse. Nenda mahali ambapo sitakuona. Moyo huu nilio nao hauwezi zaidi ya hapa. Mola akitaka, siku ya Kiyama atanipa mwingine."

Kadhi akamhukumu Jubeir kifungo, na baada yake kuhamishwa nchi. Hawakuonana tena duniani.

Bibi Lubaba hakuwa tena na maharimu wa kumrudisha pwani. Akapokewa katika ribati, nyumba ya ibada ya wanawake wajane pale San'aa, akawa anasokota sufu, na humo alikaa hadi mwisho wa umri wake. Siku msafara wa chumvi ulipokuwa ukirejea, Rabah alifika mlangoni kumuaga.

"Mama," akamwambia, "narudi kule. Nipeleke salamu kwa nani?"

Bibi Lubaba akafikiri. Akawapitia akilini watu wote wa nyumba yake, asipate hata mmoja.

"Nenda makaburini," akasema. "Mwambie Nuumani mama yake anamsalimu, na kwamba hakuilipiza damu yake kwa mtu asiye na hatia."

Rabah alipofika alikuta wenye mji wamemchomea banda lake la ngozi. Hawakumwomba radhi, nao walimkwepa njiani. Lakini kabla ya kufika bandani alipita makaburini, akasimama mbele ya kaburi la Nuumani na vumbi la safari bado liko miguuni, akaifikisha salamu kama alivyotumwa, neno kwa neno.

Ndugu zangu katika imani, tumeamrishwa kuisimamisha haki hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, na wengi wetu hulisema hilo mradi jamaa hawajafikwa. Bibi Lubaba aliisimamisha, na hakulipwa kwa furaha hapa duniani. Alibaki bila mwana, bila mpwa, bila nyumba. Tusiwadanganye watoto wetu kwamba ukweli hurudisha tulichopoteza. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe ulimi utakaosema kweli siku hiyo, na subira ya kukaa nayo baadaye. Amin.