Mize na Jiwe la Haki

Paukwa!

Pakawa!

Chungu cha nani?

Cha aliyekifinyanga!

Na mtoto wa nani?

Wa aliyemnyonyesha!

Haya, sogeeni. Jua linazama na mimi sirudii mara mbili. Wewe mwenye kidole puani, kitoe, hadithi haipitii huko.

Hapo kale, watu walipokuwa wachache na mazimwi wengi, palikuwa na kijiji kiitwacho Kidongoni. Udongo wake ulikuwa mwekundu, laini, na kila mwanamke wa pale alikuwa mfinyanzi. Aliyewashinda wote aliitwa Mize. Wenyewe husema mfinyanzi hulia gaeni, lakini nyumbani kwa Mize na mumewe Vuai hapakuwa na gae hata moja. Vyungu vyake vilikuwa havipasuki.

Basi, Mize akajaliwa mtoto wa kike. Katika kijiji kile mtoto hapewi jina mpaka atimize siku arobaini. Kabla ya hapo huitwa Mgeni, maana hajulikani kama amekuja kukaa au anapita njia tu.

Siku ya saba mama yake Mize, Bi Time, akamfunga Mgeni uzi mweusi kiunoni, mafundo matatu.

"Uzi huu usiukate," akasema. "Ndio utakaokupa habari za mtoto."

Mize alitaka kuuliza ni habari gani hizo. Lakini Bi Time alikuwa na binti mwingine, yuko mbali, naye siku zake za kujifungua zimefika. Akajitwika kikapu chake. Mlangoni akageuka.

"Na ziwa la mama ni kisima, mwanangu. Usisahau."

Akaenda zake.

Mize akabaki na Mgeni, na Vuai, na wasiwasi. Kwa sababu Mgeni alizaliwa kanona, kisha wiki ile ya kwanza akapungua kidogo, mashavu yakalegea. Watoto wengi huwa hivyo siku za mwanzo, hata nyinyi mlikuwa hivyo, msijifanye mlizaliwa na matumbo hayo. Lakini yeye ndiye mtoto wake wa kwanza, atajuaje?

Siku moja, siku ya kumi, akasikia hodi.

Alikuwa bibi kizee. Begani kabeba mti wenye kikapu huku na kikapu kule, na mkononi kashika jiwe jeusi. Alikuwa mwembamba ajabu. Tumbo lake lilibonyea hata mtu angesema hana tumbo kabisa.

"Shikamoo bibi. Karibu."

"Marahaba. Mimi ni Bi Mizani, mpima watoto. Kule Mtoni nimepima watoto watatu."

"Wakaonekanaje?"

"Wepesi, mjukuu wangu. Wepesi wote. Nimewachukua nikawanenepeshe kwangu. Na sharti langu ni hilo: jiwe likimshinda mtoto mara tatu, namchukua. Nikupimie?"

Mize akamtazama Mgeni, akayaona yale mashavu.

"Haya," akasema.

Haya ni neno dogo, lakini likishatoka halirudi mdomoni.

Bi Mizani akamweka mtoto kikapu hiki na jiwe kikapu kile, akainua mti wake, akaimba. Nami nikiimba mtaitikia, msiniache peke yangu:

Jiwe langu, jiwe la haki,
aliye mwepesi habaki!

Kikapu cha mtoto kikapanda kidogo, kikapu cha jiwe kikashuka kidogo.

"Maziwa yako hayatoshi," akasema Bi Mizani.

Mize akamtoa Mgeni kikapuni, akamkumbatia. "Nifanyeje, bibi?"

"Usimnyonyeshe ovyo. Asubuhi, adhuhuri na jioni, basi. Yaache maziwa yajae. Akilia katikati, mpe maji ya mchele. Na sasa nikamulie jiwe langu matone saba, liyaonje maziwa yako."

Mize akalikamulia jiwe matone saba. Jiwe likayanywa, likawa kavu kama halikuguswa.

"Na unipe kijungu cha kubebea jiwe langu," akasema bibi.

Mize akachagua kijungu kimoja kizuri, kimeshachomwa. Jiwe likaingia ndani, na kuzunguka jiwe palibaki nafasi ya kupita kidole. Bi Mizani akaenda zake.

Basi, Mize akafuata alivyoambiwa. Asubuhi, adhuhuri na jioni. Mgeni akilia katikati, maji ya mchele. Siku ya kwanza maziwa yakajaa mpaka yakamuuma. Siku ya tatu hayakuuma. Siku ya sita ziwa lilikuwa laini kama mfuko mtupu, na Mgeni alikuwa akililia huku akilishika. Winda alilovishwa alfajiri lilikuwa bado kavu adhuhuri. Msicheke, nyote mlivaa winda.

Siku ya ishirini, hodi. Bi Mizani. Alipolitoa jiwe kwenye kijungu, Mize aliona kidole hakipiti tena. Aliona tu, hakufikiri. Mwenye hofu huona mengi asiyoyafikiri.

Jiwe langu, jiwe la haki,
aliye mwepesi habaki!

Mtoto akapanda, jiwe likashuka.

"Maziwa yako hayatoshi," akasema Bi Mizani. "Imebaki mara moja. Haya, matone saba."

Matone saba yalitoka kwa shida. Jiwe likayanywa yote.

Bibi alipoondoka, Mize akalia. Akalia huku kamkumbatia Mgeni, na Vuai kasimama kando hajui aweke wapi mikono yake. Alipomaliza kulia akafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Vuai," akasema, "kile kisima cha chini, kwa nini kilijifukia?"

"Si ni kwa sababu watu waliacha kuteka?" akajibu Vuai. "Waliacha kuteka, mchanga ukaingia."

"Na hiki cha juu?"

"Hiki? Kijiji kizima kinateka kutwa, na maji hayapungui."

"Mama aliniambia ziwa ni kisima. Na mimi nimeambiwa nisiteke! Nimekubali mjinga mimi, nimekubali!"

Akakasirika hasa. Akayachukua maji ya mchele akawamwagia kuku. Akatandika mkeka, akakaa, akamweka Mgeni kifuani.

Toka siku ile, Mgeni akilia, ananyonyeshwa. Mgeni akinyonya vidole, ananyonyeshwa. Mgeni akigeuza shingo tu kutafuta, ananyonyeshwa. Ziwa hili, kisha lile, kisha hili tena. Mgongo wa Mize ukauma, chuchu zikamuwasha moto, usingizi ukawa wa kuibia. Siku ya kwanza hakuona tofauti yoyote. Akasema, "Nitateka."

Siku ya pili hakuona tofauti yoyote. Akasema, "Nitateka."

Siku ya tatu, Mgeni akiwa kifuani, akamsikia anameza. Gu, gu, gu. Mize akainamisha sikio asikie tena.

Na Vuai? Vuai alifunga saruni juu, akamkorogea mkewe uji wa pilipili manga asubuhi na mchana. Akachota maji, akafua mawinda, kisha akakaa mahali pa Mize akaanza kufinyanga. Vyungu vyake vilisimama upande.

"Vuai," wanaume wakamcheka njiani, "chungu hicho kimelewa?"

"Kimelewa," akajibu, "lakini mtoto ananyonya."

Mawinda yakaanza kulowa. Mawili kwa kutwa, halafu manne, halafu Vuai akalalamika kamba ya kuanikia imekuwa fupi. Mgeni akishiba ngumi zake zilifunguka zenyewe, akalala vidole vimelegea.

Siku moja, siku ya thelathini, Vuai alikuwa uani anachoma vyungu, moto unanguruma. Mize akamvua Mgeni winda, na uzi mweusi ukaanguka mkekani.

Umekatika.

Watoto wangu, pale Kidongoni uzi wa mtoto ukikatika watu walisema umri wake umekatika. Mize akauokota. Kazi yote ile, na mwisho ndio huu? Akamshika Mgeni kifuani kana kwamba kuna mtu anamvuta.

Na hapo hapo, hodi.

Bi Mizani aliingia bila kungoja karibu. Kijungu chake kilikuwa kimepasuka, kakizungushia kamba kisimwage jiwe.

"Kabla ya yote," akasema, "chungu chako kibovu. Kimepasuka chenyewe."

"Chungu changu?" akasema Mize.

"Chako. Huna maziwa, na vyungu vyako vibovu. Nikamulie, nipime."

"Leo sikamui. Pima," akasema Mize, akamweka Mgeni kikapuni.

Bibi akauma meno, akafungua kamba, akakitupa kijungu chini, akaweka jiwe kikapuni.

Jiwe langu, jiwe la haki,
aliye mwepesi habaki!

Mtoto akapanda juu kabisa. Jiwe likagonga chini, du!

"Maziwa yako hayatoshi!" Na sauti haikuwa ya bibi tena, ilikuwa nzito, inatoka pembeni. Ilikuwa inatoka kwenye jiwe. Kucha zikamrefuka, meno yakamtoka nje ya midomo. Zimwi! "Ulisema haya! Mara tatu imetimia! Nipe mtoto!"

Hapo mwingine angekimbia. Wewe ungekimbia, na mimi ningekupita njiani. Lakini Mize alikuwa amemnyakua Mgeni kikapuni, na macho yake yalikuwa kwenye kile kijungu. Kuambiwa chungu chake kibovu kulikuwa kumemchoma.

Akakiokota. Akapitisha kidole kwenye ufa.

"Chungu kikianguka," akasema polepole, "hupasukia ndani. Hiki kimepasukia nje. Kimesukumwa."

"Nipe mtoto!"

"Mara ya kwanza palipita kidole. Mara ya pili kidole hakikupita. Leo kimepasuka. Na chungu kikishachomwa hakipungui. Basi jiwe lako limenenepa."

"Nipe mtoto!"

Mize akauchukua ule uzi, akauzungusha kiunoni mwa Mgeni. Ncha mbili hazikukutana. Kati ya ncha hizo palikuwa na upana wa vidole viwili vya nyama, nyama laini, na kulikuwa na alama nyekundu pale uzi ulipokuwa umembana.

Mize akacheka. Alicheka machozi yakimtoka.

"Uzi nao umesukumwa," akasema. "Hizi ndizo habari alizosema mama! Mwanangu amenenepa, na jiwe lako limenenepa. Na jiwe lako limekula nini katika nyumba hii? Matone saba na matone saba ya maziwa yangu! Ewe zimwi, maziwa yanayonenepesha jiwe yatashindwa kunenepesha mtoto?"

Zimwi likanyoosha kucha kumfikia mtoto.

Wenyewe husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilikuwa halimjui Mize. Akampakata Mgeni kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akalitoa jiwe kikapuni. Lilikuwa zito, na lilikuwa na joto, na lilikuwa likipumua. Akatoka nalo uani.

"Chungu changu kilipita motoni ndipo nikakiita chungu," akasema. "Jiwe lako unaliita la haki. Nalo lipite."

"Usilitupe!" zimwi likalia. "Hilo ni tumbo langu!"

Mize akalitupa.

Puu! Jiwe likapasuka, maziwa yakafurika mpaka moto ukazimika, na katikati ya majivu wakatoka watoto watatu wa Mtoni, weupe kwa maziwa, wana kwikwi, wanapiga kelele za njaa. Na zimwi, tumbo lake limekwisha, likaanza kunywea kama udongo mbichi juani. Likanywea, likanywea, likanywea, hata likabaki vumbi. Vuai akalifagia pamoja na vyungu vyake vilivyopasuka.

Wale watoto watatu walikuwa na njaa ya siku nyingi, na Mtoni ni mwendo wa nusu siku. Mize akakaa mkekani. Akamnyonyesha wa kwanza, akamnyonyesha wa pili, akamnyonyesha wa tatu. Na Mgeni alipoamka akitafuta, chakula chake kilikuwapo. Kisha Vuai akawapeleka kwa mama zao, na vilio vya Mtoni siku ile sitawasimulia, mtanililia hapa.

Siku ya arobaini Bi Time akarudi. Akamchukua mjukuu wake, akamnyanyua, mikono ikamshuka kwa uzito.

"Uzi uko wapi?"

"Umekatika, mama."

"Ndizo habari zenyewe!" Bi Time akapiga kigelegele mpaka majirani wakajaa mlangoni. "Haya, huyu si mgeni tena, huyu amekuja kukaa. Mama mtu, umempa jina gani?"

Mize akamfunga Mgeni uzi mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza. Neno ambalo zimwi lilimwambia mara tatu, "hayatoshi", lilikuwa bado linamuuma. Basi akaitoa ile "haya" ya mbele, na "toshi" iliyobaki akaigeuza iwe yake.

"Tosha," akasema. "Mwanangu anaitwa Tosha."

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeitaka aende nayo, chungu aniachie.

Nanyi mkikua mkumbuke: akija mtu kukupima, kwanza pima jiwe lake. Na mama akiwa na wasiwasi wa maziwa, msimwambie hayatoshi. Mpeni mtoto wake kifuani, mpikieni uji.