Uso wa Mapacha Kwenye Bango la Bawasiri

Mniwie radhi, hadithi hii nitaivuruga. Mwanzo nimeusahau, mwisho unanikimbia, na kiti chenu nimekikataa, si kwa kiburi. Twende hivyo hivyo.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, Kahama kulikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wamefanana kama punje za mtama. Kulwa alipenda kupigwa picha. Ngassa wa studio akampiga moja akicheka, bure, eti ya kupamba dirisha. Kumbe akampelekea Limbu, muuza dawa. Kufumba na kufumbua, Kulwa yuko stendi, mkubwa kuliko basi, na chini yake maandishi: BAWASIRI KWAHERI! SASA NAKAA KWA RAHA!

Kulwa akatembea kifua mbele. Lakini aliyekuwa akiposwa ni Doto. Washenga walipokuja, mmoja alibeba mto.

"Kalia huu, binti. Polepole."

"Si mimi, baba! Ni dada!"

"Ndiyo, ndiyo. Wote husema hivyo."

Mama mkwe mtarajiwa akatuma neno: "Wageni wangu washuke stendi wapokewe na habari za makalio ya mkwe wangu? Bango lisipoondoka kufikia Jumamosi, posa imevunjika."

Doto akawakokota mama yake, Kulwa na Ngassa hadi dukani kwa Limbu.

"Nitalibandua," Limbu akasema, "mwenye picha akisema."

"Basi ni mimi," Ngassa akadakia. "Kamera yangu, taa yangu, jasho langu. Kulwa alifanya nini? Alionyesha meno!"

"Meno ya nani?" Kulwa akamrukia. "Uso ni wangu, na habari za bawasiri hukunitajia! Ila... mbona nimependeza? Liacheni."

"Bila maneno yangu," Limbu akanong'ona, "huyo ni msichana anacheka tu."

"Dada, cheko lako, aibu yangu!" Doto akalia. "Uso huu tuliugawana tumboni. Bandueni!"

Mama yao akapiga makofi. "Tumboni mwa nani? Mimi ndiye niliyetoa nakala mbili siku moja, bila kamera wala umeme! Nani aliniomba ruhusa?"

Kelele zikawa kelele. Wakamgeukia mteja mmoja aliyeegemea kaunta: wewe huna upande, amua.

"Libaki," akasema. "Likibanduliwa, wenye shida tutalijuaje duka?"

Likabaki. Jumamosi posa ikavunjika.

Je, nani alistahili kusema "bandua"? Mwenye kamera, mwenye maneno, mwenye meno, mwenye aibu, au mama mwenye mtambo? Jibuni nyinyi mlioketi. Mteja yule ni mimi, na dawa yenyewe haifanyi kazi.